Kuhamisha JANET kwenda TCP/IP: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayefuatilia historia ya mitandao, na pia wa anayesimamia mtandao wa vyuo na anajua kwamba siku moja atalazimika kuubadilisha ukiwa unafanya kazi. Mfano wetu ni JANET, mtandao wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Uingereza, ulioanza mwaka 1991 kuhama kutoka X.25 kwenda TCP/IP, yaani itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) za intaneti. Majina na barua pepe tumeyapa nafasi kubwa kuliko waya na mitambo, kwa sababu huko ndiko jasho lilikomwagika.

JANET ulikuwaje kabla ya kuhama?

Ulizinduliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1984 kwa kuunganisha mitandao iliyokuwapo tayari, mkubwa wao ukiwa SERCnet, uliokuwa wa baraza la utafiti wa sayansi na uhandisi. Mwanzoni ulifikia taasisi 50 hivi kwa laini za kilobiti 9.6 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, picha ya megabaiti 3 iliyopigwa kwa simu ya leo ingechukua zaidi ya dakika 40 kufika. Katikati ya miaka ya 1980 uti wa mgongo, yaani laini kuu za mtandao, ulipandishwa hadi megabiti 2 kwa sekunde na laini za vyuo zikawa za kilobiti 64. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uti wa mgongo ulifika megabiti 8, na laini za vyuo megabiti 2. Kwa mtandao wa X.25, hiyo ilikuwa kasi ya kujivunia popote duniani.

Kwa hiyo tusianze na dhana kwamba Waingereza walikuwa na mtandao mbovu wakauokoa. Walikuwa na mtandao mzuri, wenye wasimamizi, fedha na watumiaji walioridhika. Ugumu wote unaofuata unatokana na hapo.

X.25 na IP zinatofautianaje?

X.25 ilitoka mikononi mwa mashirika ya simu, ikapitishwa na CCITT, kamati ya kimataifa ya viwango vya simu, mwaka 1976, na inafikiri kama simu. Kompyuta inapiga, swichi za njiani zinakubaliana njia na kuikumbuka, data inapita kwa mpangilio bila kupotea, kisha simu inakatwa. Mtandao wenyewe ndio unaobeba dhamana.

IP haina simu. Kila pakiti, yaani kipande cha data, inabeba anwani ya iendako na kujitafutia njia. Ikipotea, mtandao hauombi radhi. Kurekebisha ni kazi ya TCP kwenye kompyuta za pande mbili. Kwa mhandisi aliyelelewa na X.25, huo ulionekana uzembe. Kwa mhandisi wa IP, swichi inayokumbuka kila mazungumzo ilionekana mzigo usio na sababu. Mabishano mengi ya miaka ile, ukiyavua maneno yake makubwa, yanarudi kwenye swali moja: nani abebe dhamana, mtandao au kompyuta?

"Vitabu vya rangi" ni nini?

X.25 peke yake inafikisha data tu. Haijui barua pepe wala faili. Vyuo vilihitaji huduma hizo mapema, wakati viwango vya kimataifa vilikuwa bado vinajadiliwa mezani, basi wahandisi wa Uingereza wakaandika vyao. Kila waraka ulipewa jalada la rangi yake na jina likashika. Kitabu cha Njano kilihusu usafirishaji, cha Bluu kuhamisha faili, cha Kijivu barua pepe, cha Kijani terminali za mbali, na Chekundu kutuma kazi zikafanyike kwenye kompyuta nyingine. Cha Waridi kilieleza namna ya kupitisha haya yote juu ya Ethernet, na cha Chungwa juu ya Cambridge Ring, teknolojia ya mtandao wa ndani iliyozaliwa Cambridge.

Vyote viliandikwa kama suluhisho la muda. Muda huo ukazidi miaka kumi, kama ilivyo kawaida ya mambo ya muda.

Kwa nini hawakutumia TCP/IP tangu mwanzo? Waingereza si walikuwa wanaijua?

Walikuwa wanaijua vizuri sana. Kundi la Peter Kirstein pale University College London (UCL) liliunganishwa na ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani uliotangulia intaneti, mwaka 1973, kupitia Norway, na lilihamia TCP/IP mwaka 1982, kabla ARPANET yenyewe haijahama tarehe 1 Januari 1983. Kwa miaka mingi UCL ilikuwa mlango wa Uingereza kwenda kwa watafiti wa Marekani.

Lakini kuijua itifaki ni jambo moja, na kuifanya sera ya nchi ni jingine. TCP/IP iligharamiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, na Ulaya wengi waliiita hivyo hivyo, "itifaki za DoD", kwa sauti isiyoficha dharau. Viwango halali, kwa mtazamo wa serikali za Ulaya, vilikuwa vya OSI, vinavyotengenezwa na shirika la kimataifa la viwango, ISO. JANET ulikuwa na mpango rasmi: kutoka vitabu vya rangi kwenda OSI moja kwa moja. Mwaka 1987 mpango huo uliandikiwa kitabu chake, nacho kikawa Cheupe.

Mpango haukuwa wa kipuuzi. OSI ilikuwa na X.400 kwa barua na FTAM kwa faili, na ilikaa vizuri juu ya X.25. Kilichokosekana ni programu zinazofanya kazi kwenye kompyuta ambazo watu walikuwa wanazinunua.

Basi nani alilazimisha mabadiliko?

Hakuna aliyelazimisha kutoka juu. Mabadiliko yaliingia kwa mlango wa nyuma, ndani ya maboksi.

Mfumo endeshi wa Unix ya Berkeley, toleo la 4.2, ilitoka mwaka 1983 ikiwa na TCP/IP ndani yake. Kompyuta za mezani za kitafiti zilizofuata, za Sun na wengineo, zilikuja nayo bila malipo ya ziada. Idara ikinunua kompyuta kumi, inavuta kebo ya Ethernet, na kufikia jioni zinasikilizana kwa TCP/IP bila kumwomba mtu ruhusa. Kupata programu za vitabu vya rangi kwa kompyuta hizo hizo ilikuwa kazi nyingine: ziandikwe au zinunuliwe, zifungwe, zitunzwe, na soko lake lilikuwa Uingereza karibu peke yake.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1980 vyuo vingi vilikuwa visiwa vya TCP/IP ndani ya bahari ya X.25. Mtafiti aliweza kufungua faili la mwenzake wa ghorofa ya juu kwa amri moja. Kwa mwenzake wa chuo cha mji wa pili ilimbidi abadilishe lugha. Na kwa mwenzake wa Marekani, ambako NSFNET, mtandao wa kitaifa wa watafiti, ilikuwa imeamua TCP/IP tangu 1985, ilimbidi apite kwenye lango, kompyuta inayotafsiri kati ya mitandao miwili, na kusubiri zamu. Ukimweka mtu katika hali hiyo, humhitaji mwanasiasa wa kumshawishi.

Uhamisho wenyewe ulifanyikaje?

Mipango ya huduma iliyoitwa JIPS, kifupi cha huduma ya IP ya JANET, ilianza Januari 1991. Majaribio yakaanza Machi. Hawakung'oa swichi wala kuvuta laini mpya kwanza. Waliweka ruta, vifaa vinavyoelekeza pakiti, kwenye ukingo wa vyuo, na ruta hizo zikapigiana "simu" za X.25 na kupitisha pakiti za IP ndani ya simu hizo. X.25 ikaendelea kama kawaida, haijui kwamba mzigo inaobeba ni wa mpinzani wake.

Mbinu hiyo haikuwa mpya. Namna ya kufunga IP ndani ya X.25 ilikuwa imeandikwa tangu 1983, katika waraka wa RFC 877. Thamani yake hapa ilikuwa ya kisiasa kuliko ya kiufundi. Hakuna aliyetakiwa kukiri kwamba alikosea, hakuna kifaa kilichotupwa, na chuo kisichotaka IP hakikuguswa. Kwangu mimi huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika hadithi nzima.

Ndani ya miezi minane hivi mzigo wa IP ulikuwa umeupita ule wa X.25. Novemba 1991 huduma ikawa rasmi.

Kufunga pakiti ndani ya pakiti hakukuwa na gharama?

Kulikuwa nayo, na inafaa kuielewa kwa hesabu.

Pakiti ya X.25 kwa kawaida ilibeba baiti 128. Pakiti ya IP ya baiti 576, ukubwa uliotumika sana kwenye njia za mbali, ilibidi ikatwe vipande vitano na kuunganishwa upande wa pili. Kwenye laini ya kilobiti 9.6 pakiti hiyo moja ilichukua karibu nusu sekunde kutoka. Hata kwenye kilobiti 64, pakiti kamili ya Ethernet ya baiti 1,500 ilishika laini kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde, huku anayeandika herufi moja moja kwenye terminali akisubiri nyuma yake.

Herufi hizo nazo zilikuwa na kisa chao. Vifaa vya terminali vya X.25, vilivyoitwa PAD, viliweza kukusanya mstari mzima kabla ya kuutuma. Telnet, itifaki ya terminali ya intaneti, ilizoea kutuma kila kibonye kivyake: baiti moja ya herufi ikibeba vichwa vya TCP na IP vya baiti 40. Ni sawa na kukodi lori kupeleka sindano.

Lakini tatizo lililowaumiza vichwa wahandisi lilikuwa la ndani zaidi. X.25 haipotezi pakiti. Msongamano ukizidi, inazishikilia tu. TCP upande wake inatazama saa. Jibu likichelewa, inadhani pakiti imepotea na kuituma tena. Sasa kwenye foleni kuna nakala mbili, foleni inarefuka, majibu yanachelewa zaidi, TCP inatuma tena. Tabaka mbili zinazojitahidi kuaminika, kila moja kwa njia yake, zinaweza kuziba laini pamoja.

Bahati nzuri muda ulikuwa mwafaka. Oktoba 1986 intaneti ya Marekani ilikuwa imeshapata kipigo cha namna hii: njia fupi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley ilishuka kutoka kilobiti 32 hadi biti 40 kwa sekunde. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, akatoa dawa mwaka 1988: TCP ipime muda wa majibu kwa makini na ipunguze mwendo inapohisi msongamano. Mtandao uliohama 1991 uliikuta dawa hiyo tayari. Ungehama 1985 ungejifunza kwa uchungu wake wenyewe.

Kwa nini kila mtu akizungumzia uhamisho huu hutaja majina yaliyogeuzwa?

Kwa sababu ndilo tatizo lililowagusa hata wasiojua X.25 ni nini.

JANET ulikuwa na daftari lake la majina, NRS, ambalo lilianza na nchi na kushuka hadi kompyuta: uk.ac.ucl.cs. Mfumo wa majina wa intaneti, DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ulienda kinyume, kompyuta kwanza na nchi mwisho: cs.ucl.ac.uk. Hakuna aliyekosea. Ni kama watu wawili wanaopatana wakutane "saa mbili", mmoja akihesabu kuanzia macheo na mwingine kuanzia usiku wa manane. Kila saa ni sahihi, na bado mmoja atasimama peke yake akiapa mwenzake hana adabu.

Ndani ya JANET peke yake hakukuwa na shida. Ndani ya intaneti peke yake pia hakukuwa na shida. Shida ilikuwa mpakani, ambako lango lilitakiwa kugeuza jina kila barua inapopita. Programu ya lango inajuaje upande ulio juu? Ikiona "uk" mwanzoni, inageuza. Ikiona "uk" mwisho, inaacha. Mpaka hapo sawa. Lakini watu hupenda vifupisho, na programu nyingine nazo zilijaribu kusaidia kwa kukisia. Barua ikipita malango mawili yanayosaidia, inaweza kugeuzwa ikageuzwa tena.

Halafu kuna herufi "cs". Idara nyingi za sayansi ya kompyuta zilijiita hivyo. Uandike kwa mpangilio wa JANET, na jina linaishia ".cs". Katika DNS, .cs ilikuwa Chekoslovakia. Kabla nchi hiyo haijaunganishwa, kosa lilirudi kama barua isiyo na mwenyewe. Ilipounganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, anwani ya idara ya Uingereza iliyosomwa kinyume ikawa na maana kamili mahali pengine. Nchi yenyewe iligawanyika mwanzoni mwa 1993 na kikoa hicho kikafutwa baadaye, lakini wakongwe wa barua pepe wa Uingereza hadi leo ukiwatajia Chekoslovakia hutabasamu kwa sababu isiyohusiana na jiografia.

Kulikuwa na tofauti nyingine isiyochekesha na iliyokuwa ngumu zaidi. Katika NRS jina moja liliweza kukupeleka kwenye kompyuta tofauti kutegemea unataka nini: barua huku, faili kule, terminali kwingine. DNS ya wakati ule ilijua kutenga barua tu. Kwa hiyo kugeuza mpangilio hakukutosha. Msimamizi alipaswa kuamua upya jina lipi lielekee wapi, na mara nyingi kubuni majina mapya.

Barua pepe zilivushwaje wakati wa mpito?

Kwa malango, na kwa subira. Barua za kwenda Marekani zilipita kwenye lango lililojulikana kama nsfnet-relay.ac.uk. Mtu wa nje aliyetaka kumfikia mtu wa JANET mara nyingine ilimbidi aandike anwani mbili ndani ya moja, zikitenganishwa na alama ya asilimia: jina%kompyuta@lango. Lango lilikata mkia, likageuza asilimia kuwa @, likapeleka mbele.

UCL walitengeneza programu iliyoitwa PP, iliyoweza kusema Kitabu cha Kijivu, X.400 na barua za intaneti kwa pamoja. Programu ya aina hiyo ndiyo iliyofanya uhamisho wa taratibu uwezekane, maana chuo kiliweza kubadilisha upande mmoja bila kuvunja mwingine.

Kitu ambacho hakuna programu iliyoweza kukigeuza ni anwani iliyokwisha kuchapwa: kwenye makala za majarida, barua rasmi, kadi za mfukoni. Lango linaandika upya kichwa cha barua. Haligusi sahihi iliyo chini ya ujumbe, na halifiki kwenye rafu ya maktaba. Kama unapanga kuhamisha mtandao wako, hesabu miaka ambayo anwani za zamani zitaendelea kuombwa, kisha ongeza.

Je, kuna kitu kizuri kilichopotea?

Kipo. Kitabu cha Bluu kiliweka uhamishaji wa faili kwenye foleni. Unaagiza faili, unakwenda zako nyumbani, mfumo unajaribu usiku kucha, na laini ikikatika katikati unaweza kuendelea pale ulipofikia. FTP ya intaneti ilitaka ukae mbele ya skrini, na ikikatika kwenye asilimia 95 mara nyingi ulianza upya. Watumiaji walilalamika, na walikuwa na haki.

Kitabu Chekundu nacho hakikupata mrithi wa kweli. Kazi ya kutuma programu ikaendeshwe kwenye kompyuta kubwa ya chuo kingine na matokeo yarudi ilikufa pole pole, kwa sehemu kwa sababu kila mtu alishakuwa na kompyuta mezani.

Lakini upande wa pili wa mizani kulikuwa na hazina za faili za Marekani zilizofunguliwa kwa yeyote bila nenosiri. Na kuanzia 1991 kulikuwa na jambo jipya kutoka CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya: Wavuti, lililoandikwa kwa TCP/IP.

Anwani za IP zilitolewaje?

Kwa makundi makubwa makubwa. Kabla ya 1993 chuo kilipewa ama daraja B, yenye nafasi ya kompyuta 65,534, ama daraja C, yenye nafasi 254. Ya kwanza ilikuwa pana kupita kiasi, ya pili ilibana. Daraja B zilikuwa elfu 16 na kidogo kwa dunia nzima, na hofu ya kwisha ndiyo iliyoleta mgao usio na madaraja, CIDR, mwaka 1993.

Ugumu wa kila siku ulikuwa mwingine: visiwa vya TCP/IP tulivyovitaja vilikuwa vimejipa anwani vyenyewe. Nani angejali, wakati havikuunganishwa na nje? Kote duniani kulikuwa na mitandao iliyonakili namba ya mfano kutoka vitabu vya maelekezo vya Sun, ile inayoanza na 192.9.200. Siku ya kuunganishwa, mitandao kadhaa inajikuta na anwani moja. Dawa ni kuzunguka kompyuta moja baada ya nyingine na kuzipa namba mpya. Hakuna njia ya mkato, na hakuna anayepandishwa cheo kwa kazi hiyo.

Na usalama?

X.25 ilitaja anwani ya anayepiga tangu mwanzo wa simu, na swichi zilijua nani yuko kwenye mazungumzo na nani. IP haikuwa na hesabu hiyo. Kirusi cha Morris cha Novemba 1988 kilisambaa kupitia kompyuta za Unix zilizounganishwa kwa TCP/IP. Vitabu vya rangi havikuwa njia yake. Kuhama kulimaanisha kuingia kwenye mtaa wenye watu wengi zaidi, wema na wabaya, na milango iliyokuwa wazi ndani ya chuo ikawa wazi kwa dunia.

Kulikuwa na siku moja ya kukata?

Hapana. ARPANET ilikuwa nayo, tarehe 1 Januari 1983, na Dan Lynch aligawa beji za kuwapongeza walionusurika. JANET haukutaka beji. X.25 na IP viliishi pamoja kwa miaka, na X.25 ilifungwa kabisa mwaka 1997. Kuanzia 1993 SuperJANET, toleo jipya la JANET, ilileta laini za kasi kubwa zaidi, na IP ikaacha kuwa abiria ndani ya X.25.

Gharama ya njia hii ni kwamba unatunza mifumo miwili, watu wa aina mbili, na malango katikati. Faida ni kwamba kosa la Jumatatu halizimi nchi nzima.

Nchi nyingine za Ulaya zilifanyaje?

Kila moja kivyake. Ujerumani nayo ilijenga mtandao wa vyuo wa X.25, WiN, uliosimamiwa na DFN. Nchi za Nordiki, kupitia NORDUnet, ziliamua mwishoni mwa miaka ya 1980 kubeba itifaki kadhaa kwenye laini moja na kuacha watumiaji wachague. CERN ilifungua TCP/IP kwa nje Januari 1989. RIPE, jukwaa la wahandisi wa IP Ulaya, liliundwa mwaka huo huo, wakati sera rasmi za nchi nyingi zilikuwa bado zinasema OSI.

Kwa hiyo kuchagua X.25 kulikuwa kosa?

Sidhani. Mwaka 1984 vifaa vya X.25 vilinunulika, mashirika ya simu yaliviunga mkono, na vyuo vilipata mtandao mmoja wa kitaifa mapema kuliko nchi nyingi. Watu walizoea kuandikiana na kutumia kompyuta za mbali. Wakati IP inafika, kulikuwa na ofisi, bajeti, laini na wasimamizi wanaofahamiana kwa majina. Ndiyo maana miezi minane ilitosha.

Kosa, kama lipo, ni kung'ang'ania OSI kwa miaka mitatu au minne baada ya kompyuta zenyewe kuonyesha zinakokwenda.

Je, IPv6 ni hadithi ile ile?

Kwa sehemu. Wamefunga IPv6, toleo jipya la IP, ndani ya IPv4, toleo la zamani, kama IP ilivyofungwa ndani ya X.25, na hakuna siku ya kukata. Tofauti ni kwamba mwaka 1991 mtumiaji alipata kitu alichokiona kwa macho siku ile ile: Marekani ilisogea karibu. Anayewashiwa IPv6 leo, mambo yakienda vizuri, haoni lolote.

Kuna alama yoyote ya mfumo wa zamani iliyobaki?

Ipo, na unaiona kila siku. Vikoa vya nchi hufuata orodha ya herufi mbili ya ISO, na katika orodha hiyo Uingereza ni GB. Lakini NRS ilikuwa imeshazoea "UK", na kikoa cha .uk kikasajiliwa mwaka 1985 kabla kanuni haijakaza. Kikoa cha .gb kilifunguliwa pia, kikakosa wateja. Mpangilio wa majina uligeuzwa, itifaki zikabadilishwa, swichi zikauzwa chakavu, na zile herufi mbili zikahama kutoka mwanzo wa anwani hadi mwisho wake.